Stelingi na Utu Uzima: Mwaka 1973 Ukitazamwa kutoka Mayfair

Mayfair ni kitongoji kilicho magharibi ya kitovu cha jiji la Johannesburg, jirani na Fordsburg. Humo upo mkahawa mdogo ambao kila nifikapo jijini hujikuta nimeurudia, kwa kuwa chai yake ina iliki ya kutosha na Kiswahili huzungumzwa humo bila kutafutwa. Wateja wake wengi ni Wasomali waliokulia Eastleigh na Garissa, lakini hawakosekani Watanzania wa Tanga, Wakongo wa Bukavu na Uvira, na Mganda mmoja mmoja. Mwenye mkahawa ni mwanamke wa Kisomali aliyezaliwa Kenya. Sote humwita Mama. Ukutani pana televisheni ambayo haizimwi.

Jioni moja ilikuwa ikionyesha Jawan, filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka 2023, ambamo Shah Rukh Khan anacheza nafasi mbili, ya baba na ya mwana. Kijana mmoja aliyekuwa akila sambusa aliinua kichwa akauliza, "Hivi huyu stelingi si mzee jamani?" Mtu mmoja wa makamo akamjibu bila kugeuka: "Stelingi hana umri, mdogo wangu. Stelingi ana kazi." Simu zikatolewa. Ikathibitika kuwa mwigizaji huyo alizaliwa Novemba 1965, na kwamba filamu ilipotoka alikuwa na miaka 57. Hapo ubishi ukawaka. Wengine walisema ni aibu mtu wa umri huo kujifanya anapiga genge zima peke yake. Wengine wakasema aibu ni ya wale wanaofika miaka hiyo wakakaa tu barazani. Kwa nusu saa nzima umri wa mwanamume mmoja ulijadiliwa kama kesi ya mirathi.

Neno lenyewe, stelingi, lina historia yake. Limetokana na neno la Kiingereza lililotangulia jina la mwigizaji mkuu kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu. Watazamaji wa Afrika Mashariki wakalitwaa na kulifanya cheo cha mtu. Msemo wake wa vijiweni unajulikana: stelingi hafi. Adui hufa, rafiki wa stelingi hufa ili kisasi kipate sababu, lakini yeye sharti aufikie mwisho wa picha. Msemo huo unatamka juu ya kifo. Juu ya uzee haukusema kitu, na pengo hilo ndilo ninalotaka kulichunguza hapa.

Ni rahisi kudhani kwamba filamu za mapambano zinaabudu ujana na kwamba hadhira hudanganywa kwa rangi ya nywele. Historia ya upande wetu wa dunia inanielekeza kwingine. Hadhira zetu hazikumdai shujaa ujana. Zilimdai utu uzima, kwa maana kamili ya neno hilo katika Kiswahili. Mtu mzima si yule aliyefikisha miaka fulani tu. Ni mtu aliyetimia, asiye na pungufu, anayeweza kubeba neno lake na la wenzake. Kwa hiyo swali la nani aliteuliwa kuwa shujaa, na akiwa na umri gani, ni swali la nani aliruhusiwa kuwa mtu mzima. Mwaka 1973 unatusaidia kuliona hilo kuliko mwaka mwingine wowote ninaoujua.

Rangi na umri katika sentensi moja

Mayfair haikuwa ya watu hawa tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilikuwa makazi ya Wazungu wa tabaka la wafanyakazi. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliigawa miji ya Afrika Kusini kwa rangi. Wahindi wa Pageview, mtaa ambao wenyewe waliuita Fietas, walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1970, na wafanyabiashara wao wakaelekezwa Oriental Plaza, soko lililojengwa Fordsburg kwa ajili hiyo. Kisha familia za Kihindi zikaanza kupenya Mayfair kinyume cha sheria, hadi sheria yenyewe ilipofutwa mwaka 1991. Mwaka huohuo serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na katika miaka iliyofuata Wasomali wakaanza kufika, baadhi yao wakiwa na Kiswahili cha Kenya mdomoni.

Wahindi wa Fordsburg na Fietas walikuwa watu wa sinema. Fordsburg ilikuwa na majumba kama Majestic, Lyric na Avalon, na kwa kuwa Afrika Kusini haikuwa na televisheni hadi Januari 1976, majumba hayo ndiyo yaliyokuwa dirisha la usiku la mtaa mzima. Lakini aliyekata tiketi hakuwa huru kuchagua atakachokiona. Sheria ya ukaguzi wa burudani ya mwaka 1931, na baada yake sheria ya mwaka 1963, ziliwapa wakaguzi uwezo si wa kukata na kukataza tu, bali pia wa kuruhusu filamu kwa masharti. Chini ya sheria ya mwaka 1963, filamu iliweza kuruhusiwa kwa watu wa rangi fulani au umri fulani pekee. Rangi na umri vilikaa katika sentensi moja ya sheria, na hiyo haikuwa bahati mbaya ya uandishi. Picha yenye bunduki na ngumi iliweza kupitishwa kwa Wazungu watu wazima, ikakatazwa kwa watoto na kwa Waafrika kwa pamoja, hata kama Mwafrika huyo ana wajukuu. Lugha ya majumbani ilikuwa imekwisha kuitangulia sheria. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua neno boi, ambalo wakoloni walimwita mtumishi wa miaka 15 na wa miaka 60 bila tofauti. Kusini lilitumika kwa upana zaidi, na kwa muda mrefu zaidi.

Filamu ya Zulu, iliyopigwa Natal na kutoka mwaka 1964, inatoa mfano ulio wazi. Aliyemcheza Mfalme Cetshwayo alikuwa Mangosuthu Buthelezi, aliyezaliwa mwaka 1928. Cetshwayo alikuwa babu wa mama yake. Mfalme huyo, katika vita vya mwaka 1879, alikuwa amevuka miaka 50. Buthelezi alikuwa katikati ya thelathini. Ukoo ulifidia miaka iliyopungua. Hata hivyo, filamu ilipokamilika serikali ya ubaguzi iliwazuia Waafrika kuitazama. Mtu aliweza kuwa mfalme ndani ya picha, kisha akawa mtoto mlangoni mwa sinema.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na desturi nyingine. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanganyika yalivyokuwa mahali pa watu kuchanganyika. Bei ya tiketi iliwagawa watazamaji kuliko rangi zao. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Bibi na mjukuu walikwenda pamoja na kurudi wakisimuliana. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na filamu iliyopendwa ilirudishwa tena na tena kwa miaka mingi. Jambo hili la kurudiwa lina uzito katika mada yetu. Hadhira iliyoitazama picha ya zamani Jumapili hii na picha mpya Jumapili ijayo ilimwona mwigizaji yuleyule akiwa kijana, kisha mtu wa makamo, kisha kijana tena. Uso wa stelingi ulikuwa kama albamu ya jamaa: kila mtu alijua kuwa umebadilika, na hakuna aliyeona haja ya kushangaa.

Mashujaa wanne wa mwaka mmoja

Tuje sasa kwenye mwaka 1973. Mnamo Mei, huko India, ilitoka Zanjeer, filamu iliyompandisha Amitabh Bachchan, aliyekuwa na miaka 30 na rekodi ndefu ya picha zisizouza. Katikati ya mwaka Roger Moore alionekana kwa mara ya kwanza kama James Bond, akiwa na miaka 45. Tarehe 20 Julai, Bruce Lee alifariki Hong Kong akiwa na miaka 32, wiki chache kabla ya Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa. Na Soweto, katika jumba la Eyethu, ilionyeshwa Joe Bullet, ambamo shujaa alikuwa Ken Gampu, katika mwaka aliotimiza miaka 44.

Kuhusu Bruce Lee sina mengi ya kusema, kwa kuwa mauti yalimwondoa kwenye swali letu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, walisema wahenga, wake haukwenda. Vijana wa Dar es Salaam na Mombasa walioiga mateke yake wamekuwa mababu, naye bado ana miaka 32 ukutani. Wengi tunapolinganisha stelingi wa leo na wa zamani, bila kujijua tunamlinganisha mtu aliye hai na maiti, na hakuna aliye hai anayeweza kushinda shindano hilo.

Wawili ambao wanastahili kuwekwa bega kwa bega ni Moore na Gampu. Moore alizaliwa Oktoba 1927, Gampu Agosti 1929. Walikuwa rika moja. Wote wawili waliingia mwaka 1973 wakiwa wamekwisha vuka arobaini, wakipewa nafasi ya mwanamume mwenye silaha, suti nzuri na utulivu wa mtu anayejua atakalofanya. Moore alibaki katika nafasi hiyo kwa filamu saba, hadi mwaka 1985, alipoiaga akiwa na miaka 57. Mwenyewe alikiri baadaye, kwa ucheshi aliojulikana nao, kwamba alikuwa amechelewa kuondoka, na akasimulia jinsi alivyogundua kuwa amemzidi umri mama wa mwigizaji aliyecheza kama mpenzi wake. Alipewa miaka 12 ya kuzeeka mbele ya dunia, na dunia ikamvumilia.

Joe Bullet ilionyeshwa mara mbili tu kabla ya kupigwa marufuku. Hadithi yake si ya kupindua serikali: timu ya soka inatishwa na majambazi kabla ya fainali, na Joe Bullet anaitwa kuiokoa. Kosa lilikuwa jinsi anavyoonekana. Mwafrika ameshika bunduki, anaendesha gari zuri, hapokei amri ya mtu, na hakuna Mzungu anayemtuma wala kumshukuru. Nadhani umri wa Gampu uliongeza kosa hilo. Kijana wa miaka 20 mwenye bastola angeweza kuelezwa kama mhuni, na serikali ile ilikuwa na maneno mengi ya kumweleza mhuni. Mwanamume wa miaka 44, mpole wa sauti, mpana wa mabega, anayeheshimiwa na mtaa wake, hakuwa na jina katika msamiati huo. Alikuwa mtu mzima. Filamu ilikaa gizani kwa miaka zaidi ya 40, hadi iliporekebishwa na kuonyeshwa upya mwaka 2014. Gampu hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2003.

Historia iliwakutanisha wawili hao mbele ya kamera moja. Mwaka 1977, kaskazini ya Transvaal ya wakati ule, ilipigwa The Wild Geese, iliyotoka mwaka uliofuata: kisa cha mamluki Wazungu wenye umri mkubwa wanaokwenda kumwokoa kiongozi wa Kiafrika. Richard Burton alikuwa na miaka 52 ilipotoka, Moore 50, Richard Harris 47. Uzee wao haukufichwa. Ndio uliokuwa utamu wa kisa, wakionekana wakihema katika mazoezi na kukumbushana vita vya zamani. Gampu alikuwemo, askari katika kikosi cha Burton. Mshauri wa filamu alikuwa Mike Hoare, mamluki wa kweli aliyezaliwa mwaka 1919, ambaye msomaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo hahitaji kutambulishwa kwake: ndiye aliyeongoza kikosi cha mamluki dhidi ya waasi wa Simba mwaka 1964 na 1965. Mwaka 1981, akiwa na miaka 62, alijaribu kupindua serikali ya Ushelisheli pamoja na watu waliojifanya watalii, akashindwa na kuishia gerezani Afrika Kusini. Kwa watu wa namna yake, uzee wa shujaa haukuwa hadithi ya sinema tu. Waliamini kuwa Afrika ni uwanja ambao Mzungu anaweza kuchezea ujana wake hadi uzeeni, wakati Mwafrika wa makamo hata kwenye kitambaa cheupe cha sinema hakuruhusiwa kuufikia utu uzima.

Aliyekataa kuzeeka

Amebaki Bachchan, na yeye ndiye anayetufundisha kwamba hadhira ina mipaka yake. Katika miaka kumi baada ya Zanjeer alikuwa mwana aliyekasirika wa mamilioni ya watu, kutoka Bombay hadi Fordsburg na Zanzibar. Mwaka 1992, baada ya Khuda Gawah, alipumzika. Alirudi mwaka 1997 na Mrityudata, iliyotolewa na kampuni yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 54, na alirudi akifanya yaleyale: kisasi, ngumi, wimbo na ngoma. Filamu ikaanguka vibaya. Mwaka 1999 alijaribu tena na Lal Baadshah, mwenzake wa mapenzi akiwa Manisha Koirala, aliyezaliwa mwaka 1970. Hali haikubadilika sana, na wakati huo kampuni yake ilikuwa imezama katika madeni.

Kisha mwaka 2000 mambo yakageuka ndani ya miezi michache. Julai alianza kuendesha kipindi cha maswali cha televisheni, akiwa na ndevu nyeupe na sauti ya babu anayempa mjukuu moyo. Oktoba ikatoka Mohabbatein, ambamo ni mkuu wa chuo, mkali, asiyecheza wala kumfukuza msichana. Vijana ndio wanaopenda, yeye ndiye ukuta wanaougonga. Umati uliomkataa ukamrudia. Mwaka uliofuata tuzo za filamu za Kihindi za IIFA, ambazo yeye alikuwa balozi wake, zilifanyika Sun City, na mwaka 2003 zikaja Johannesburg yenyewe; hakuwa tena nyota aliyeporomoka. Mwaka 2005, katika Sarkar, alirudi hata kwenye ulimwengu wa bunduki, safari hii akiwa mzee anayeketi, anayekunywa chai katika kisosi na kuamua nani ataishi.

Ni kweli kwamba Mrityudata ilikuwa na udhaifu mwingine, na kushindwa kwa filamu moja hakuthibitishi kanuni. Lakini kuna kielelezo kilichotangulia. Dilip Kumar, aliyezaliwa mwaka 1922, naye alipumzika baada ya mwaka 1976, akarudi mwaka 1981 akicheza mtu wa umri wake, na mwaka 1982, katika Shakti, akawa afisa wa polisi anayelazimika kumpiga risasi mwanawe. Mwana huyo alikuwa Bachchan. Hadhira ilimpa mzee huyo heshima yote, na tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora ikawa yake, si ya kijana. Kama Bachchan angelitafakari somo aliloshiriki kulifundisha, huenda asingehitaji kuanguka ili alijifunze.

Hapa ndipo ninapomwelewa yule mtu wa makamo wa mkahawani. "Stelingi ana kazi," alisema. Kazi hiyo hubadilika. Kazi ya miaka 30 ni kulipiza kisasi; kazi ya miaka 60 ni kujua wakati wa kukizuia. Methali yetu inasema utu uzima dawa, na dawa haigombei nafasi na chakula. Mzee akipigana kwa sababu nyumba inaungua, hadhira inasimama kumshangilia. Akipigana ili aonekane kijana, inamwonea haya kama inavyomwonea haya mjomba wake mwenyewe harusini.

Mama wa stelingi

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hoja ingekuwa nzuri na yenye kutufurahisha. Lakini kuna mtu ambaye sijamtaja, naye yumo katika karibu kila filamu ya Kihindi niliyoitaja. Ni mama.

Mwaka 1957, katika Mother India, Nargis alicheza mama mkulima anayemuua mwanawe mpotovu kwa risasi. Mwana alikuwa Sunil Dutt. Wote wawili walizaliwa Juni 1929. Mama alimtangulia mwanawe kwa siku chache, na mwaka uliofuata walioana. Tunaweza kusema kwamba hadithi ilihitaji Nargis azeeke, maana tunamwona tangu akiwa bibi harusi. Ni sawa. Lakini mfano ulikwisha kuwekwa, na waliokuja baadaye hawakuwa na udhuru huo daima.

Katika Deewaar ya mwaka 1975, Nirupa Roy alikuwa mama wa Amitabh Bachchan na Shashi Kapoor. Alikuwa na miaka 44; Bachchan alikuwa na miaka 32. Kapoor, aliyecheza mdogo wake Bachchan, alimzidi kaka yake wa filamu kwa miaka minne na ushei. Miaka ya wanaume ilipinda bila kelele, ikawafanya wadogo. Ya wanawake ilipinda upande mmoja tu. Waheeda Rehman, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa mke wa Bachchan katika Kabhi Kabhie mwaka 1976. Miaka miwili baadaye, katika Trishul, alikuwa mama yake. Rakhee alikuwa mpenzi wake katika filamu hiyohiyo ya mwaka 1976, na mwanamke anayemuota katika Muqaddar Ka Sikandar ya mwaka 1978. Mwaka 1982, katika Shakti niliyoisifu hivi punde, Rakhee alikuwa mama yake. Alizaliwa Agosti 1947. Mama alikuwa na miaka 35, na mwanawe alikuwa anakaribia 40.

Nililitazama Shakti mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwenye kanda ya video iliyochakaa, na mara ya pili nikiwa masomoni ng'ambo, katika chumba cha baridi, nikitafuta mfano wa kuweka katika sura ya tasnifu. Mara zote mbili nililia mwishoni. Mara zote mbili sikuona kwamba mama ni mdogo kuliko mwana. Nimekuwa nikidai kuwa hadhira hujua umri na huuheshimu. Basi niseme pia kwamba mimi, mwanahadhira niliyefunzwa kutazama, sikuuona ule uliokuwa mbele yangu. Tulimdai stelingi wa kiume kila kipindi cha umri kikiwa na kazi yake. Mwanamke tulimpa vipindi viwili, mchumba na mama, na kati yake hatukuacha hata ngazi ya kukanyaga. Aliyetakiwa kutimia alitakiwa kutimia haraka, na kwa ajili ya mwingine.

Dalili za mabadiliko zipo, na moja ilipigwa Afrika Kusini. The Woman King, iliyotoka Septemba 2022, ilimweka Viola Davis mbele ya jeshi la wanawake wa Dahomey. Alizaliwa Agosti 1965. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 57, umri uleule wa Shah Rukh Khan katika Jawan mwaka uliofuata, na umri uleule wa Moore alipoiaga bunduki ya Bond. Karibu naye walikuwepo Thuso Mbedu wa Afrika Kusini na Sheila Atim, mzaliwa wa Uganda. Jenerali wa Davis ana makovu, ana siri ya uzazi aliyoibeba kwa uchungu, na anapigana. Kwa mara chache katika sinema ya mapambano, umama na vita vimo katika mwili wa mtu mmoja, na hakuna kinachomsubiri kingine kife.

Nakubali kwamba filamu moja haiwezi kufuta nusu karne. Jawan yenyewe ni ushahidi. Mama mzazi wa shujaa ni Deepika Padukone, aliyezaliwa mwaka 1986; hadithi inamwondoa duniani angali kijana, kwa hiyo umri wake una maelezo. Mama mlezi, anayeonekana pamoja na mwana huyo akiwa mtu mzima, ni Ridhi Dogra, aliyezaliwa mwaka 1984. Shah Rukh Khan amewazidi wote wawili kwa karibu miaka 20.

Jioni ile mkahawani, wakati simu zilipokuwa zikipita mkono kwa mkono, hakuna aliyetafuta miaka ya wanawake hao. Mimi pia sikutafuta. Niliifanya kazi hiyo hotelini, usiku, peke yangu. Siku mbili baadaye nilirudi kunywa chai kabla ya safari, nikamweleza mwenye mkahawa nilichokipata. Alisikiliza huku akifuta meza, kisha akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikamwambia. Akacheka, akanitajia wake.

Nimemzidi miaka sita. Nilimwomba radhi kwa kumwita Mama muda wote ule, naye akasema hapana, niendelee, ni heshima, na jina lake halisi hapa Mayfair wanalijua watu wachache tu. Kisha akaniuliza kama nataka chai nyingine. Nikasema ndiyo, na nilipotaka kumwita aongeze sukari, nilikaa kimya kidogo, kwa kuwa sikujua nimwite nani.